Kuunganisha Proxmox VE na hifadhi ya pamoja ya iSCSI: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Anayekwama kwenye kazi hii hukwama palepale alipokwama mwenzake. Anafungua kiolesura cha Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe), anaongeza diski ya iSCSI (diski inayofikiwa kupitia mtandao), anaweka LVM (inayoigawa diski vipande) juu yake, anatia tiki kwenye kisanduku cha "Shared", na mashine pepe ya kwanza inawaka vizuri kabisa. Kisha siku moja kebo inachomoka, au umeme unakatika usiku, na asubuhi nusu ya mashine hazioni diski zake.

Karibu kila mara chanzo ni mpangilio wa kazi. Hifadhi ya pamoja hujengwa kwa matabaka: mtandao, juu yake iSCSI, kisha multipath (inayozifanya njia nyingi za kufika diski moja kuwa kitu kimoja), kisha LVM, halafu ndiyo Proxmox. Tabaka la juu halisahihishi kosa la tabaka la chini, hulificha tu. Kwa hiyo kila hatua hapa ina kipimo chake. Kipimo kikigoma, usivuke.

Mfano wetu ni klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya nodi tatu, yaani seva tatu, za Proxmox VE na safu moja ya diski yenye kontrola mbili. Nimechukulia kwamba klasta imeshaundwa na nodi zinaonana.

## Vitu vya kuandaa

- Seva tatu, kila moja ikiwa na milango miwili ya mtandao kwa ajili ya hifadhi peke yake. Gigabiti 10 ndiyo saizi ya kazini. Gigabiti 1 itaenda, lakini dari yake ni kama megabaiti 110 kwa sekunde kwa kila njia, na mashine pepe kumi zikianza kusasishwa pamoja utaisikia.
- Safu ya diski yenye kontrola mbili, kila kontrola na milango miwili ya iSCSI.
- Swichi mbili zisizotegemeana. Moja inatosha kwa kujifunzia tu.
- UPS inayobeba safu na swichi pamoja. Swichi ndiyo husahaulika: seva na safu ziko kwenye UPS, swichi imechomekwa kwenye soketi ya ukutani.
- Nenosiri la root la kila nodi na la msimamizi wa safu.
- Nakala rudufu ya mashine zozote zilizomo, zikiwa mahali pengine kabisa, si kwenye safu hiyohiyo.
- Mpango wa anwani ulioandikwa. Usiubebe kichwani.

Mpango tutakaoutumia ni huu:

```
Mtandao wa kwanza (swichi 1): 10.10.10.0/24
  nodi1 .11   nodi2 .12   nodi3 .13
  kontrola A .101   kontrola B .102

Mtandao wa pili (swichi 2): 10.10.20.0/24
  nodi1 .11   nodi2 .12   nodi3 .13
  kontrola A .101   kontrola B .102
```

Kila nodi inafika kwenye safu kwa njia nne: mitandao miwili mara kontrola mbili. Ikumbuke hiyo nne, tutaihesabu tena na tena.

## Hatua ya 1: Mtandao wa hifadhi

Kwenye kila nodi, ipe milango miwili ya hifadhi anwani zake ndani ya `/etc/network/interfaces`, au kupitia kiolesura:

```
auto ens2f0
iface ens2f0 inet static
    address 10.10.10.11/24
    mtu 9000

auto ens2f1
iface ens2f1 inet static
    address 10.10.20.11/24
    mtu 9000
```

Majina ya milango yako yatakuwa tofauti. Amri ya `ip link` itakuonyesha. Usiweke gateway kwenye mitandao hii, maana hifadhi haina safari ya nje.

Usiiunganishe milango hii miwili iwe bondi moja. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Bondi inaiona milango tu, haijui kilichotokea upande wa kontrola. Multipath inaiona safari nzima kutoka nodi hadi LUN (diski ambayo safu inaitenga na kuikabidhi kwa seva), na ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hii. Na mawasiliano ya klasta yenyewe, yaani corosync, yape mtandao wake. Hifadhi ikijaza waya, corosync huchelewa, na nodi inaweza kudhaniwa imekufa kumbe iko hai.

Sasa MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. Fremu kubwa za 9000 zinasaidia, kwa sharti kwamba nodi, swichi na safu zote zimekubaliana. Sehemu moja ikibaki 1500, utapata ule ugonjwa unaowatesa watu siku nzima: safu inaonekana, kuingia kunakubali, `lsblk` inaonyesha diski, halafu `pvcreate` inaning'inia bila kosa lolote. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinamezwa njiani.

Kipimo. Kutoka kila nodi, kwenda kila anwani ya safu:

```
ping -M do -s 8972 -c 4 10.10.10.101
```

Ile 8972 ni 9000 ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP, na `-M do` inakataza pakiti kukatwakatwa njiani. Nodi tatu kwa anwani nne ni majaribio 12, na yote lazima yajibu. Yakigoma na huna ruhusa ya kugusa swichi, rudisha kila kitu kwenye 1500 uendelee. MTU ya 1500 inayofanya kazi ni bora kuliko 9000 ya nusunusu.

## Hatua ya 2: Kutenga LUN kwenye safu

Kila mtengenezaji ana menyu zake, lakini maamuzi ni yaleyale.

Aina ya RAID, yaani namna diski nyingi zinavyounganishwa kuwa moja. Hapa ndipo kasi ya kuandika inapoamuliwa, si kwenye Proxmox. Ombi moja dogo la kuandika hugeuka kazi 2 za diski kwenye RAID 10, 4 kwenye RAID 5 na 6 kwenye RAID 6. Hifadhidata na mashine zinazoandika sana zipeleke RAID 10. Faili za ofisi na kumbukumbu za zamani zinakaa vizuri RAID 6. Diski kubwa zinazozunguka usiziweke RAID 5: kuijenga upya diski moja huchukua muda mrefu, na muda wote huo diski ya pili ikifa umepoteza kila kitu.

Ukubwa na idadi. Tenga LUN mbili hadi nne za wastani badala ya moja kubwa inayomeza safu nzima. LUN ikipata hitilafu, hasara ina mpaka. Pia kontrola zinaweza kugawana LUN, kila moja ikamiliki zake.

Namna ya kutenga nafasi. Safu nyingi zinakuruhusu kuahidi nafasi kuliko diski zilizopo, zikitumaini hutaijaza yote. Ni sawa, mradi uweke tahadhari ya barua pepe safu ikifika asilimia 80. Safu ikijaa kabisa, kila mashine pepe iliyo juu yake inakataliwa kuandika kwa wakati mmoja, na Proxmox itaendelea kukuonyesha kwamba nafasi ipo.

Kundi la nodi. Kwanza chukua jina la IQN (utambulisho wa nodi kwenye iSCSI) la kila nodi:

```
apt update && apt install open-iscsi multipath-tools
cat /etc/iscsi/initiatorname.iscsi
```

Utaona mstari unaoanza na `InitiatorName=iqn.1993-08.org.debian:01:` ukifuatiwa na herufi na tarakimu za nodi hiyo. Zilinganishe nodi zote tatu, herufi kwa herufi. Ukiwa ulisakinisha moja na nyingine ukazinakili kutoka kwake, majina yatafanana, na safu itadhani ni seva moja inayoingia na kutoka. Kila nodi inayoingia inamfukuza mwenzake. Tengeneza jina jipya kwa `iscsi-iname`, liandike kwenye faili hilo, kisha `systemctl restart iscsid`.

Kwenye safu, unda kundi moja lenye IQN zote tatu na lipe kundi hilo LUN, badala ya kumpa kila mmoja peke yake. Hivyo LUN itapata namba ileile kwa nodi zote. Safu ikikuuliza aina ya mfumo, chagua Linux.

Kipimo. Ukurasa wa LUN kwenye safu unaonyesha nodi tatu zenye ruhusa, si mbili na si "wote". Ruhusa ya "wote" ni mlango wazi: seva yoyote itakayochomekwa kwenye swichi hiyo itaweza kuandika juu ya diski zako.

## Hatua ya 3: Kuingia kwa iSCSI

Proxmox ina uwezo wa kuongeza iSCSI kupitia kiolesura. Mimi napendelea terminali, maana tukifika kwenye multipath utataka kuona kila njia kwa jina.

Kabla ya kutafuta safu, hariri `/etc/iscsi/iscsid.conf` kwenye kila nodi:

```
node.startup = automatic
node.session.timeo.replacement_timeout = 15
```

Mstari wa kwanza unaifanya nodi iingie yenyewe ikiwashwa. Kwenye Debian hali ya kawaida ni ya mkono. Wa pili unahusu muda wa kuisubiri njia iliyokatika kabla ya kusema imekufa. Kawaida ni sekunde 120, na kwa mwenye njia nne hizo ni dakika mbili za kusubiri bure wakati njia nyingine tatu ziko wazi.

Na kwa nini *kabla*? Kwa sababu nodi hunakili mipangilio hii kwenye rekodi yake ya safu pale safu inapogunduliwa. Ukihariri baadaye, zilizokwisha kugunduliwa hazibadiliki, na utabaki kujiuliza mbona faili liko sawa lakini nodi haiingii.

Sasa tafuta, kisha ingia:

```
iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.10.101
iscsiadm -m node
iscsiadm -m node --login
```

Amri ya kati inaorodhesha anwani zote ambazo safu imezitangaza. Zisome. Baadhi ya safu hutangaza hata milango isiyotumika au anwani ya usimamizi, na nodi itapoteza muda kuzigonga kila inapowaka. Zisizohusika ziondoe kwa kuiandika anwani husika mahali pa mfano huu:

```
iscsiadm -m node -p 192.168.1.50 -o delete
```

Kipimo. `iscsiadm -m session` ionyeshe mistari minne kwa kila nodi. Na `lsblk` itaonyesha diski nne mpya zenye ukubwa sawa, tuseme `sdb`, `sdc`, `sdd` na `sde`. Usishtuke, na usiguse hata moja. Ni LUN moja inayoonekana kupitia njia nne; ukitenga LUN zaidi, kila moja itakuwa na nne zake.

## Hatua ya 4: Multipath

Hapa ndipo penye wahanga wengi. Anayeruka hatua hii huiweka LVM juu ya `sdb`, na kila kitu kinakwenda hadi siku njia ya `sdb` inapokatika. Njia nyingine tatu zipo nzima, lakini hakuna aliyeambiwa azitumie.

Pata kitambulisho cha kudumu cha LUN:

```
/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdb
```

Fanya hivyo kwa diski zote nne. Majibu lazima yafanane. Ndiyo uthibitisho kwamba ni LUN moja. Kisha andika `/etc/multipath.conf`, faili lilelile kwa nodi zote tatu:

```
defaults {
    polling_interval     5
    user_friendly_names  yes
    find_multipaths      strict
}

multipaths {
    multipath {
        wwid           WEKA_KITAMBULISHO_HAPA
        alias          san01
        no_path_retry  12
    }
}
```

Mistari miwili inahitaji maelezo.

`alias` inaipa LUN jina lisilobadilika. Bila jina hilo, nodi moja inaweza kuiita `mpatha` na nyingine `mpathb`, na usiku wa manane hutajua mnazungumzia diski ipi.

`no_path_retry` inaamua nini kifanyike njia zote zikikatika. Ukiandika `queue`, nodi itasubiri milele. Inasikika kama usalama, lakini safu isiporudi, programu zote zilizogusa diski hiyo huganda, hata kuzima nodi kwa utaratibu inashindikana. Namba 12 kwa ukaguzi wa kila sekunde 5 inatoa kama dakika moja ya subira, kisha makosa yanarudishwa kwa mashine pepe. Safu yako ikihitaji zaidi ya hapo kubadilishana kontrola, ongeza.

Nimeiweka ndani ya `multipaths` kwa makusudi. Multipath huja na orodha yake ya ndani ya safu zinazojulikana, na orodha hiyo inashinda unachoandika kwenye `defaults`. Sehemu ya `multipaths` inaishinda orodha. Kwa sababu hiyohiyo sikuandika sera za njia: kwa safu nyingi orodha ya ndani iko sahihi kuliko mafaili ya zamani yanayozunguka kwenye mitandao. Mtengenezaji wako akiwa na ushauri wake wa Linux, fuata wake.

Sajili LUN na uwashe upya huduma, kwenye kila nodi:

```
multipath -a WEKA_KITAMBULISHO_HAPA
systemctl restart multipathd
multipath -ll
```

Kipimo. Jibu lifanane na hili:

```
san01 (3600...) dm-5
size=4.0T features='1 queue_if_no_path' hwhandler='1 alua' wp=rw
|-+- policy='service-time 0' prio=50 status=active
| |- 3:0:0:1 sdb 8:16 active ready running
| `- 5:0:0:1 sdd 8:48 active ready running
`-+- policy='service-time 0' prio=10 status=enabled
  |- 4:0:0:1 sdc 8:32 active ready running
  `- 6:0:0:1 sde 8:64 active ready running
```

Makundi mawili hayo si kasoro. Kontrola inayomiliki LUN ina kipaumbele 50 na ndiyo inayofanya kazi. Njia za kontrola ya pili, zenye 10, zinasubiri zamu. Unachotafuta ni njia nne zilizoandikwa `active ready running`, kwenye nodi zote tatu. Zikiwa mbili, rudi Hatua ya 3 utafute anwani iliyokosekana, na si kwamba "tutarekebisha baadaye".

## Hatua ya 5: LVM, kwenye nodi moja tu

Waliotoka VMware hutarajia kitu kama VMFS, mfumo wa faili ambao seva nyingi huufungua kwa pamoja. Hapa hatuna hicho. Na usijaribu kuweka ext4 au XFS juu ya LUN halafu kuifungua kwenye nodi tatu: kila nodi itaandika kwa kumbukumbu zake kichwani, kama wahasibu watatu wanaojaza daftari moja bila kuonana. Data huharibika kimya kimya kabla ya kosa lolote kutokea.

Njia ya Proxmox ni LVM ya kawaida. Kila diski ya mashine pepe inakuwa kipande chake, na kipande hufunguliwa na nodi ile tu inayoiendesha mashine hiyo. Proxmox inashika kufuli ya klasta nzima kila inapounda au kufuta kipande, ndiyo maana usiunde vipande kwa mkono kwa `lvcreate` huku klasta ikiendelea na kazi. Amri yako haiijui kufuli hiyo.

LVM-thin nayo haifai kwa hifadhi ya pamoja. Kiolesura hakitakupa hata kisanduku cha "Shared" kwa aina hiyo, na wenyewe wana sababu.

Kwanza hakikisha LUN ni tupu:

```
wipefs /dev/mapper/san01
```

Bila `-a`, amri hii inasoma tu. Ikikuonyesha alama yoyote, simama. Huenda LUN hiyo ina kazi za mtu mwingine. Ikinyamaza, endelea kwenye nodi1 peke yake:

```
pvcreate /dev/mapper/san01
vgcreate vg_san01 /dev/mapper/san01
```

Kipimo. Nenda nodi2 na nodi3 uandike `pvs`. Unataka kuona `/dev/mapper/san01` na `vg_san01`. Isipoonekana, andika `pvscan --cache` ujaribu tena. Ukiona `/dev/sdb` mahali pa `san01`, au onyo la PV (diski zilizoandaliwa kwa LVM) zilizojirudia, multipath ya nodi hiyo haijakaa sawa. Rudi Hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Kuitambulisha kwa Proxmox

Amri moja, kwenye nodi yoyote, maana mipangilio hii husambaa klasta nzima:

```
pvesm add lvm san01 --vgname vg_san01 --content images,rootdir --shared 1
```

Kwenye kiolesura ni Datacenter, Storage, Add, LVM, halafu tiki kwenye "Shared". Tiki hiyo *haifanyi* diski iwe ya pamoja. Inaiambia Proxmox tu kwamba tayari ni ya pamoja, nayo inakuamini bila kuuliza. Mtu akiitia kwenye diski ya ndani ya seva, kuhamisha mashine kutakubaliwa halafu upande wa pili hakutakuwa na diski.

Kama klasta inahudumia wateja tofauti, washa pia "Wipe Removed Volumes". LVM ya aina hii haifuti yaliyomo kipande kinapotupwa, na mteja mpya anaweza kupewa nafasi yenye mabaki ya wa zamani. Gharama yake ni kwamba kufuta diski kubwa kutachukua muda.

Kuhusu snapshoti (picha za hali ya mashine unazoweza kurudia): hadi toleo la 8, Proxmox haikuwa nazo kwenye LVM ya pamoja. Toleo la 9, lililotoka Agosti 2025, limezileta kwa njia ya mnyororo wa diski, lakini wenyewe wameziita za majaribio. Kwa mashine za kazini mimi ningesubiri, nikategemea nakala rudufu za kila usiku.

Kipimo. `pvesm status` kwenye nodi zote tatu ionyeshe `san01` ikiwa `active`, na ukubwa uleule.

## Hatua ya 7: Diski ya mashine pepe

Unda mashine ya majaribio yenye mipangilio hii:

- Kontrola ya SCSI: VirtIO SCSI single, na "IO thread" imewashwa, ili kila diski iwe na uzi wake wa kazi.
- Kache: "No cache", ambayo ndiyo ya kawaida. "Writeback" huonekana ya kasi kwenye majaribio kwa sababu maandishi yanakaa kwenye RAM ya nodi. Nodi ikizimika ghafla, yanapotea.
- "Discard": washa kama LUN yako inatengewa nafasi kadiri inavyojazwa. Bila hiyo, faili zilizofutwa ndani ya mashine hazirudishi nafasi kwenye safu.

Windows inahitaji viendeshi vya VirtIO wakati wa kusakinisha, la sivyo itasema haioni diski. Andaa ISO yake mapema.

## Hatua ya 8: Jaribu kuivunja

Usipandishe mashine za watu kabla ya hapa. Ndani ya mashine ya majaribio, endesha mzigo:

```
fio --name=jaribio --filename=/root/jaribio.dat --size=4G \
    --rw=randwrite --bs=4k --iodepth=32 --direct=1 \
    --ioengine=libaio --runtime=600 --time_based
```

Kwenye nodi, fungua `watch -n1 multipath -ll`. Sasa, mzigo ukiendelea:

Chomoa kebo moja ya hifadhi ya nodi. Njia mbili zitageuka `failed faulty`. Fio itasita, pengine kwa nusu dakika, kisha itaendelea. Rudisha kebo; njia zirudi zenyewe bila wewe kuandika amri yoyote.

Zima swichi moja. Matokeo yawe yaleyale, ila kwa nodi zote tatu.

Amuru safu ihamishie kazi kontrola ya pili. Vipaumbele vya makundi mawili vitabadilishana nafasi. Fio ikitoa makosa hapa, `no_path_retry` ni fupi mno kwa safu yako.

Hamisha mashine kwenda nodi nyingine ikiwa hai. Kinachosafiri ni RAM tu, kwa hiyo mashine ya gigabaiti 4 haichukui muda. Ukiona Proxmox inaanza kunakili diski, hifadhi haikuandikishwa kuwa ya pamoja, au mashine ina diski nyingine kwenye hifadhi ya ndani.

Zima na uwashe nodi nzima. Ikirudi, hesabu tena: vikao vinne, njia nne, `san01` hai. Nodi inayohitaji mtu wa kuandika `iscsiadm --login` kwa mkono kila ikiwaka haijakamilika.

## Umeme ukirudi

Kwa sehemu nyingi za kwetu hili si jambo la nadra, na ndilo jaribio ambalo hakuna anayelipanga. Umeme unarudi, kila kitu kinawaka pamoja. Seva zinamaliza kuwaka wakati safu bado inakagua diski zake. Nodi inagonga, haijibiwi, `vg_san01` haipo, mashine pepe zilizowekewa kuwaka zenyewe zinashindwa, na hakuna anayezijaribu tena.

Mpangilio wa mkono ni swichi kwanza, kisha safu hadi taa zake zitulie, kisha seva. Ili usitegemee mtu kuwepo, icheleweshe kila nodi kuwasha mashine zake:

```
pvenode config set --startall-onboot-delay 300
```

Hizo ni sekunde, na 300 ndiyo kikomo. Safu yako ikihitaji zaidi, weka ucheleweshaji kwenye BIOS ya seva. Kagua pia betri ya kache ya kontrola. Betri ikichoka, safu nyingi huacha kupokea maandishi kwenye kache na kuandika moja kwa moja kwenye diski. Watumiaji watalalamika kwamba "mfumo umekuwa mzito" na hutaona kosa lolote kwenye Proxmox.

## Kuongeza nafasi

Kuza LUN kwenye safu kwanza. Kisha kwenye kila nodi:

```
iscsiadm -m session --rescan
multipathd resize map san01
```

Na mwisho, kwenye nodi moja:

```
pvresize /dev/mapper/san01
```

Hakuna mashine inayozimwa. Usiifikie `pvresize` kabla nodi zote tatu hazijaonyesha ukubwa mpya kwenye `multipath -ll`. Na LUN hukuzwa tu. Kuipunguza ikiwa na LVM juu yake ni kukata mwisho wa data.

Angalizo moja kuhusu nakala za LUN zinazotengenezwa na safu yenyewe: usiipe nodi hizihizi nakala hiyo hivihivi. Ina vitambulisho vya LVM sawa na ya asili, na nodi haitajua ipi ni ipi. Ifungue kwenye seva ya pembeni isiyo na LUN ya asili, au ibadilishe vitambulisho kwa `vgimportclone` kwanza.

## Kuondoa LUN

Huku mpangilio unageuka: unabomoa kutoka juu kwenda chini. Hamisha au futa diski zote zilizomo, kisha ondoa hifadhi kwenye Datacenter. Baada ya hapo, kwenye kila nodi:

```
vgchange -an vg_san01
multipath -f san01
multipath -w WEKA_KITAMBULISHO_HAPA
echo 1 > /sys/block/sdb/device/delete
```

Mstari wa mwisho urudie kwa kila diski ya LUN hiyo, ukiwa umeangalia majina yake kwenye `multipath -ll` kabla ya kuandika `-f`, kwa sababu hayafanani kati ya nodi na nodi. Usitoke kwenye kikao cha iSCSI kama safu hiyohiyo inatoa LUN nyingine, utazikata nazo. Futa pia LUN hiyo kwenye `/etc/multipath.conf`.

Ndipo uende kwenye safu kuondoa ruhusa. Ukianzia kwenye safu, nodi zitabaki na diski zisizojibu, `pvs` itaning'inia, kiolesura kitaonyesha alama za kuuliza za kijivu kwenye kila hifadhi, na mara nyingi dawa itakayobaki ni kuziwasha upya nodi zote, moja baada ya nyingine.